Sista Agustina, Ambaye Hakuwahi Kusema Haiumi

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi miwili ya utumishi wa uuguzi, Sista Agustina Matiko anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025. Hiyo miezi miwili ameidai mwenyewe. Nilipoandika miaka thelathini na sita tu, alinirudishia karatasi ikiwa imepigwa mstari mwekundu, na wote tuliowahi kuandika taarifa mbele yake tunaujua mstari huo.

Alianza kazi katika zahanati moja huko Natta, wilayani Serengeti. Kwa maelezo yake, huko alijifunza mambo mawili makubwa: kuwasalimia wagonjwa kwa Kinata, na kumkimbia tembo bila kudondosha kandambili. Mwaka 2004 alihamia Nyangoto, na tangu 2016 tupo naye hapa Nyamisangura, katika chumba cha uzazi wa mpango. Nilimwomba atukadirie ni akina mama wangapi amewawekea kitanzi. Akanijibu kwamba kwa Wakurya hata ng'ombe hawahesabiwi hadharani, sembuse watu.

Kuweka kitanzi cha shaba ni kazi ya dakika tano hivi. Maelezo ya Sista kabla ya dakika tano hizo ni dakika arobaini na parachichi moja. Hulipasua katikati, hutoa kokwa, na ndani ya ule uwazi huweka kitanzi cha mfano ili mama aone kinavyokaa kwenye mfuko wa uzazi. Masomo yakiisha, parachichi hilo hupakwa chumvi na kuliwa saa nne na mkate. Kwa miaka tisa tumeuliza kama bajeti ya mafunzo inaruhusu parachichi letu pia. Hatujajibiwa.

Lakini maelezo yenyewe hayana mzaha. Kwanza anauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kama kuna dalili za ujauzito au za maambukizi, na kama damu hutoka nyingi kuliko kawaida. Kisha anamwambia mama ukweli wote. Utalala chali, utasikia ubaridi wa chombo, halafu kubanwa, halafu msokoto wa tumbo kama wa hedhi, tena wa nguvu. Wengine hupata kizunguzungu, basi watalala hapo mpaka kiishe. Siku chache za mwanzo tumbo litauma na matone ya damu yataonekana. Hedhi ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza inaweza kuwa nzito na ndefu, kisha kwa wengi hutulia. Kuna nyuzi mbili fupi zinazobaki kwenye mlango wa kizazi. Mume akilalamika kwamba zinamchoma, zitapunguzwa. Mara chache kitanzi hutoka chenyewe. Ukipata homa, maumivu makali au uchafu wenye harufu, usipoona hedhi, au nyuzi zikipotea, usingoje tarehe ya kadi, njoo. Hakizuii UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Kinaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi, lakini siku yoyote ukikitaka kitoke, siku hiyo ndiyo mwisho wake.

Mambo haya huyasema kwa yeyote anayekaa karibu. Fundi aliyekuja kuziba bomba mwaka juzi aliondoka hapa akiwa ameiva kabisa, na tunasikia anawashauri watu huko mtaani.

Sasa nisimulie la Nyangoto, maana bila hilo wasifu huu ungekuwa orodha ya vituo vya kazi. Mwaka 2014 alikuwepo mama mmoja, Wegesa, aliyekuwa amejifungua watoto wawili kwa upasuaji ndani ya miezi kumi na sita. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine ya haraka inaweza kupasua kovu na kumuua. Akachagua kitanzi, na mumewe Erasto, mchimbaji mdogo wa dhahabu, akaridhia. Mwezi wa tatu tangu awekewe, kule mashimoni, Erasto akaambiwa na wenzake kwamba shaba ya kitanzi hupanda taratibu hadi moyoni. Mwingine angekuja kuuliza. Erasto akaazima mashine ya kutafutia dhahabu.

Alimsimamisha mkewe uani na kumpitishia mashine kama anayepima udongo. Ilipofika kifuani ikalia kwa sauti. Majirani wakashika vichwa. Nusu saa baadaye walikuwa zahanati, Wegesa akilia, Erasto na mashine yake begani, akidai chuma kitolewe sasa hivi kabla hajawa mgane.

Sista alikuwa ametoka. Nilikuwepo mimi, Elieth, miezi minne tangu niajiriwe, na nikafanya kosa ambalo sijawahi kulisimulia kwenye kikao chochote. Nilimpandisha Wegesa kitandani na kuvaa glavu. Sikumuuliza neno. Mume ameamuru, watu wamejaa mlangoni, basi nitoe yaishe.

Sista akaingia. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu nilikuwa nakitoa kwa ajili ya nani. Hadi leo swali hilo likinijia naona aibu.

Kisha akamgeukia Erasto, akamwambia, "Mura, niwekee hiyo mashine hapa," akionyesha kifua chake mwenyewe. Mashine ikalia. Wengine nje wakaanza kumwombea Sista. Akaingia nyuma ya pazia na Wegesa, wakarudi wote wawili wakiwa wameacha sidiria zao ndani, akaagiza wapimwe kifua tena. Kimya. Shaba iliyopanda moyoni ilikuwa waya wa sidiria za mtumba.

Erasto alicheka mpaka akaketi chini. Sista hakucheka bado. Alifunga mlango, akabaki na Wegesa, akampima na kumwonyesha kwamba nyuzi zipo mahali pake. Akamwambia kwamba kama anataka kitolewe kitatolewa dakika hiyo, na hakuna atakayemkasirikia, ila uamuzi utoke kinywani mwake. Wegesa akasema anataka kuishi alee hawa wawili alio nao. Akashuka kitandani, akavaa viatu, akaenda nyumbani na kitanzi chake.

Tangu siku hiyo sijamgusa mama yeyote kabla hajasema mwenyewe anachotaka. Wauguzi kumi na mmoja waliofundishwa na Sista, katika wilaya zetu mbili, watakuambia hivyo hivyo. Ana vyeti vya utumishi bora pia. Viko kabatini, chini ya sahani ya parachichi.

Sista, asante. Umetuchosha kwa maelezo, umetusahihisha kwa kalamu nyekundu, na umetufanya tuwe watu wa kuaminika. Tutakukosa sana, na nasema hivi bila utani. Kapumzike huko shambani, ule kwa wakati, na mifugo yako iongezeke bila kuhesabiwa.

Wageni wote walioalikwa Jumanne wamethibitisha kuja, isipokuwa mmoja. Wegesa anaomba radhi. Alimfuata Sista hapa mwaka 2017, akatolewa kitanzi kwa hiari yake, na mwaka uliofuata akajifungua salama binti, kwa upasuaji uliopangwa mapema. Jumanne shuleni kuna kikao cha wazazi wa darasa la kwanza, na mama wa mtoto amesema hawezi kukikosa.