Mama Devota na Upatu wa Umeme wa Jua

Tarehe 30 Juni 2006 Mama Devota anastaafu kazi hapa Bustani ya Khatijabai, Lindi, baada ya miaka ishirini. Jina lake la cheti ni Emerensiana, lakini ukimwita hivyo getini hageuki. Tumeambiwa tumuandikie wasifu usomwe siku ya kumuaga. Mwenyewe ameomba usiwe mrefu, maana pilau linapoa.

Alianza mwaka 1986, wakati bidhaa za nje zimeanza kurudi madukani na watu wana hamu ya kutoka. Mzee Akberali, mwenye duka mjini, aliweka bembea na bwawa la watoto kwenye shamba lake la minazi nje ya mji, akaliita kwa jina la mkewe. Mama Devota alikuwa anakaanga bagia nje ya uzio. Watoto wakawa wanamaliza hela kwake kabla hawajafika getini. Mzee akaona heri amuajiri, awe yeye ndiye geti.

Kijana mwenye ndevu akidai tiketi ya mtoto, Mama Devota humwambia, "Sawa mwanangu, ila watoto wanashikwa mkono." Basi humshika na kumzungusha bustani nzima mbele ya wasichana. Wengi hawafiki hata kwenye bembea ya pili, wanalipa ya mkubwa.

Lakini kubwa alilotufanyia ni la umeme. Nguzo zinaishia mjini, kwetu hazijafika. Pampu ya bwawa na friji la soda vilikuwa vinaendeshwa na jenereta tuliyoiita Mkwe, maana lazima ale kwanza, na akikuudhi humsemi. Fundi wake alikuwa Sipriani. Mwaka 2003 dizeli ilipanda, viingilio vyote vikawa vinaishia tumboni mwa Mkwe. Mzee Akberali akatangaza kwamba ikipita Idi hali ni ile ile anafunga, libaki shamba la nazi.

Abizer, mtoto wa Mzee, alikuwa ameona paneli za jua Dar. Akaenda benki, akarudi anacheka, mkopo upo. Mzee akauliza kuhusu riba. Alipojibiwa akavua miwani. "Abizer, riba mimi sili. Hata ikiletwa na jua."

Mama Devota alikuwa pembeni anapanga tiketi. Akasema, "Si tucheze upatu?"

"Upatu wa kununulia vyombo, Mama Devota?" Abizer akamtania.

"Kwani hizo paneli zako si vyombo?"

Upatu anaujua. Yeye ndiye kijumbe, yaani mkusanyaji, wa wauzaji wote wa getini, na kwa desturi yetu kijumbe ndiye anayepokea kwanza. Zamu ile ya kwanza alikuwa ameipangia bati za nyumba yake ya Rutamba, ambayo inavuja tangu Devota ananyonya. Akaitoa kwa bustani, yeye akahamia wa mwisho. Na wa mwisho mnamjua. Waliokwisha kula huanza kuumwa siku ya kutoa.

Mastura wa mihogo alimwambia wazi, "Dada, bati zako umezitupa baharini."

"Bustani ikifungwa, mihogo utawauzia kima?"

Mastura akatoa. Abizer akawaingiza wenye maduka wenzao, kibunda kikanenepa. Mkwe naye tukamuuza kwa mwenye mafriji ya samaki Kiswere. Sipriani alimsindikiza mpaka kwenye gari, hakula siku ile.

Idi ilipokaribia, fundi akaja kutoka Dar, akazifunga paneli karibu na kisima, akajaribu pampu, akapanda basi. Mama Devota akawa anaziangalia zinavyong'aa, roho inamuuma. Kitu cha bei ile hakiachwi juani kipauke! Kesho yake ndiyo Idi. Akamwita Sipriani, wakazijengea kibanda cha makuti, kizuri kweli, na juu wakazifunika kwa kanga mbili.

Asubuhi ya Idi bwawa lilikuwa tupu, tumelimwaga tulisafishe. Pampu kimya. Soda za moto. Watoto wamejaa getini na nguo mpya, Mkwe yuko Kiswere, na Mzee ameshikilia kufuli mkononi. Abizer akakimbilia simu ya dukani kumpigia fundi.

"Jua lipo?" fundi akauliza.

"Lipo, linachoma."

"Linazichoma na paneli?"

Hapo ndipo Abizer alipoelewa. "Paneli ziko kivulini."

Aliporudi na habari hizo, Mama Devota alibomoa makuti kwa mikono yake, na gauni lake la sikukuu. Pampu ikakohoa, maji yakaja, watoto wakapiga kelele. Yeye akasema tu, "Zilikuwa zinapumzika." Mzee akalirudisha kufuli mfukoni.

Ikabaki kukusanya, kila Jumamosi. Jumamosi moja aliyechelewa alikuwa Mzee Akberali mwenyewe. Mama Devota akaenda na mkeka barazani kwake, akakaa, akaomba chai. Mchana akaomba wali. Khatijabai akapaza sauti ndani, "Mlipe mama wa watu, mwisho ataomba chumba!" Mzee akalipa akicheka. Habari ikafika sokoni kabla ya alasiri, na tangu siku ile hakuna aliyeumwa siku ya kutoa.

Zamu ya mwisho, ya Mama Devota, ilitimia. Aliyetangulia kuleta alikuwa Mastura, kaweka hela kaondoka.

Mama Devota, tunakushukuru. Familia ya Mzee Akberali inakushukuru, na sisi wa bembea, wa mihogo na wa pampu ambao bado tuna kazi tunakushukuru. Mungu akupe afya na wajukuu wenye adabu. Nenda kwako Rutamba ukae kwa raha, na mvua ikija, kubwa kiasi gani, wewe geuka upande wa pili ulale.