Sista Elirehema na Walinzi Wasioonekana

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Sista Elirehema Mmbaga, muuguzi mkunga, anatimiza miaka thelathini na minne ya kazi na kutuachia zahanati yetu hapa Same. Tumeshaanza kugombea kiti chake!

Alianzia milimani, akipanda vilima kwa miguu kuwafuata wajawazito, kisha akaletwa huku tambarare kwenye joto. Siku ya soko, nusu ya wauza tangawizi humwamkia kama mama mzazi, maana ndiye aliyewapokea duniani.

Lakini Sista hasa ungemjua Jumatano, siku ya kliniki ya akina mama. Bila kupepesa macho alifundisha kwamba uke una walinzi wake, bakteria wazuri wanaotengeneza asidi na kuwazuia wabaya. Kujiosha ndani kwa sabuni huwavuruga, na antibiotiki za kujinunulia huweza kuwafagia. Siku moja alitaja kwamba maziwa mgando nayo yana bakteria wazuri; Bi. Magreth wa Lembeni alirudi wiki iliyofuata na kibuyu kizima, akauliza apake asubuhi au jioni. Sista alicheka mpaka akakaa chini! Kisha akayanywa mbele ya wote na kufafanua: ni chakula, si dawa, na anayeumwa aje apimwe.

Sasa nikiri, kwa ruhusa ya mke wangu. Mimi Athumani, mtu wa dirisha la dawa, niliumbuka kuliko Bi. Magreth. Miaka tisa iliyopita Sumaiya aliandamwa na UTI, mara kutokwa na uchafu wenye harufu. Nikampa vidonge bila vipimo, nikamnunulia sabuni ya manukato, tatizo likazidi. Mwisho nikamshuku kwamba ana mwanamume mwingine. Begi lake lilikuwa mlangoni, arudi kwao Mwanga.

Sista aliposikia, alikuja mwenyewe nyumbani kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipasulia: Athumani mwanangu, umewafukuza walinzi kwa vidonge vyako, halafu unamtafuta mwizi kwa mkeo? Nilitamani ardhi inimeze. Sumaiya alipimwa, akatibiwa ipasavyo, sabuni nikaitupa. Begi nililirudisha ndani kwa mikono yangu.

Sista, asante sana. Tunakuombea ustaafu wenye afya, usingizi wa kutosha na vicheko tele. Ukitazama mstari wa mbele leo utaniona nimekaa na Sumaiya, na mkono wake sijauachia tangu sherehe hii ya kukuaga ianze.