Godoro la Ukurasa wa Kwanza

Mirumbe, mwendesha bodaboda, alikuwa amewapakia watu wawili wasiojuana kwenye pikipiki, kutoka mji wa Kehancha hadi Ntimaru: Abdishakur, muuza magodoro, na Priscilla, mama anayetafuta godoro la bintiye anayeingia shule ya bweni kesho. Mirumbe aliona hapo biashara imejileta yenyewe.

"Sasa duka lako liko wapi?" mama aliuliza.

"Andika tu kwa Google 'godoro bora Kehancha.' Natokea wa kwanza!"

"Simu yangu ni ya kupiga tu, baba. Liko wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, mama, juu kabisa!"

Mirumbe, anayeijua Kehancha yote, hakuwahi kuliona duka hilo. Akauma midomo asicheke.

Walipofika Ntimaru, Mirumbe alikanyaga breki mbele ya mzee aliyepanga magodoro kando ya barabara. Priscilla akashuka, akabonyeza la kwanza, akatoa pesa.

"Mama!" Abdishakur akamaka. "Kwani huyu yuko ukurasa wa ngapi?"