Osea Haonga na Kungoja Kusikotajwa

Wazee wa kanisa, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia nasi, familia inawasimulia maisha ya Osea Haonga, na Tumpe, mjane wake, ametuagiza tusiruke mahali marehemu alipokaa akingoja, kwa kuwa anasema mtu huishi hapo pia.

Osea alizaliwa hapa Mbozi tarehe 3 Machi 1911, mtoto wa tatu wa mzee Jairo Haonga, akabatizwa, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1926 baba yake alipofariki. Mwaka 1934 alikwenda Saza kuchimba dhahabu, ambako, kama alivyopenda kusimulia, watu walipanga foleni alfajiri mdomoni mwa shimo wakingoja ndoo ya kuwashusha, na kazi ikaanza kuhesabiwa mtu alipogusa chini, kana kwamba ile baridi ya juu iliwapiga watu wengine.

Alimwoa Tumpe tarehe 12 Juni 1937, baada ya kumchumbia na kumwacha angoje miaka miwili bila hata salamu, na hilo Tumpe anataka lisemwe, nasi hatulifichi, kama tusivyoficha kwamba marehemu alikuwa mwepesi wa hasira, hata siku moja alimmwagia mpimaji wa chama cha wakulima debe la kahawa miguuni, Mungu amsamehe. Walijaliwa watoto wanne, watatu wapo hapa.

Mwaka 1951, kahawa ya chama chetu ilipokataliwa kwa kuchacha, kamati iliita mkutano ili kuipanga kazi upya, wakaitaja hatua kwa hatua, kuchuma, kupima, kumenya, kuosha, kuanika, watu wakaitikia, ndipo Osea akasimama akauliza mbona hawayataji magunia yanayokaa juani nje ya mashine ya kumenyea mpaka mwenye ufunguo amalize chai yake. Mwenyekiti Amoni, ambaye ni ndugu wa tumbo moja na Tumpe, akamjibu, "Shemeji, hapa tunataja kazi, kungoja si kazi."

Osea akasema, "Basi mtaje anayeiozesha kahawa, maana sisi tumeichuma nzima."

Wakamcheka, wakambatiza Bwana Kungoja, kikao kikafungwa kwa sala, na msimu uliofuata kahawa ikachacha tena.

Tarehe 9 Mei 1954 Osea alishikwa na tumbo, na kesho yake kulipopambazuka vijana walimbeba kwa machela hadi penye lori la chama, dereva Damiano akiwa tayari na mafuta yakiwamo, ila kamati ilikuwa imeweka amri kwamba lori lisitoke bila neno la mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa arusini Chapwa, naye alipofikiwa na mtu wa baiskeli alijibu kwamba watu ndio kwanza wananawa, akishakula atakuja. Tumpe alimkinga mumewe jua kwa kanga, kivuli cha lori kilipohama akahama nacho, hata kikaisha. Walitoka jioni. Daktari wa Mbeya alisema utumbo umepasuka, na kwamba angeletwa mchana angempasua akapona, na alfajiri ya tarehe 11 Osea akakata roho.

Jana kamati ilituma wajumbe, wakatuomba kwa upole tusome kwamba marehemu aliugua ghafla, akapelekwa Mbeya, akafariki, basi. Tumpe akawajibu pale pale alipoketi, "Hapo mmetaja mwendo wa lori. Mume wangu mlimuua lilipokuwa limesimama."

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani walioleta kuni na maji, wakulima wenzake, na Damiano, ambaye tunajua halali usingizi tangu siku ile. Kamati hatujaona tuishukuru kwa lipi, na tunakiri mbele za Mungu kwamba bado hatujaweza kusamehe, mtuombee.

Asubuhi hii Amoni ametuma salamu kwamba yuko njiani, mazishi yamngoje. Dada yake amekataa. Wabebaji, nyanyueni jeneza.

Osea, mwana wa Jairo, pumzika kwa amani.