Tarehe Tatu, Mwezi wa Tano

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya duka la kinyozi, ng'ambo ya kliniki ya macho. Asubuhi hiyo wagonjwa walikuwa wakitoka getini mmoja mmoja, simu mkononi, wamerudishwa. Eti siku zao zilishapita zamani. Na programu inayowatumia ujumbe wa miadi iliandikwa na fundi kompyuta aliyekaa katikati ya benchi, yule waliyembatiza Profesa. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Virusi hivyo! alisema Redio, mtu asiyejua kunyamaza. Vinakula tarehe.

— Virusi wapi! Kinyozi alidakia. Mvua ya juzi. Kompyuta ikilowa, miezi inachanganyika.

— Basi setilaiti. Huko juu sasa hivi ni mwaka mwingine kabisa! Au nadanganya, Profesa?

— Inawezekana, alisema Profesa.

Inawezekana! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alishajua tangu mgonjwa wa pili. Manesi wanaandika 5/3, siku kwanza. Programu yake inasoma mwezi kwanza. Tarehe tano mwezi wa tatu inageuka tarehe tatu mwezi wa tano. Naye aliijaribu mara moja tu, tena kwa tarehe ishirini na tano. Mwezi wa ishirini na tano haupo, kwa hiyo mashine ikajigeuzia yenyewe, ikapatia. Manesi wakampigia makofi, akaenda zake kifua mbele.

Bibi mmoja alivuka barabara akipapasa kwa fimbo, akasimama mbele ya benchi, akanyoosha simu.

— Wanangu, nisomeeni. Hapa wameandika lini?

Simu iliangukia mikononi mwa Profesa.

— Tarehe tatu, mwezi wa tano, mama.

— Si leo?

— Ndiyo leo.

— Mbona wanasema daktari wa upasuaji alikuja mwezi wa tatu, akaondoka? Mimi nimekosea wapi?

Redio alijifanya kutazama barabara. Kinyozi akaanza kuufuta mkasi uliokuwa safi.

— Hujakosea, mama, alisema Profesa. Nimekosea mimi. Programu ni yangu. Nilijua, nikakaa hapa nawasikiliza hawa.

Bibi aligeuzia uso kule sauti ilikotoka. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Profesa zaidi.

— Haya, mwanangu. Sasa daktari atarudi lini?

Profesa aliwatazama wenzake. Benchi zima lilikuwa linaangalia chini.