Vifungo Sita vya Bi Vifungo

Dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Bi Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Mimi nilifuata miaka minne baadaye, mzuri zaidi, kama alivyokiri mwenyewe siku moja akiwa na homa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965, akiwa wa pili. Huyo aliyekuwa wa kwanza, dada alimshuku maisha yake yote: "Yale majibu aliyatoa wapi?" Mimi niliishia la nne, walimu waliponiishia. Lakini elimu yake ya vifungo ilianza kwangu. Nikiwa na miaka mitatu nilimeza kifungo cha shati la baba. Alikingoja siku mbili, akakiosha, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akaona vijitundu vyeusi vidogo kama ncha ya sindano. "Baba, huu ni mfupa," akasema. Ndicho kifungo pekee alichowahi kukiosha. Kifungo cha zamani ukikiosha, alituambia baadaye, umekiibia umri wake.

Mwaka 1968 alianza kazi kwenye meza ya baba, na kabla ya miaka kumi watu walikuwa wakimletea makopo ya vifungo vya bibi zao awaambie wamerithi mali au takataka. Kifungo alikigusisha menoni. Kioo na ganda la chaza hubaki baridi. Plastiki hupata joto upesi, kama mtu mwongo akiulizwa. Kikimtia shaka zaidi, alikigusa kwa sindano ya moto, na kikinuka nywele zilizoungua, basi ni pembe. Kisha alikigeuza atazame chapa na kishikio. "Uso umefundishwa kudanganya," alisema, "mgongo bado."

Shemeji yetu, karani wa ghala, alikuja kumposa akiwa na koti lenye vifungo vya shaba, akidai ni vya babu yake, nahodha. Dada alikamata ukosi wa koti hata kabla ya salamu.

"Hivi vimepakwa rangi juzi."

"Jana," akajibu shemeji. "Kwa ajili yako."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, kwa kuwa huyo ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu bila kuzunguka. Walijaliwa mwana mmoja. Shemeji alitutangulia mwaka 2003.

Mwaka 1979, katika robota la mitumba, dada alipata koti la mtoto lililoliwa na nondo, lina vifungo sita vya kioo cha buluu, kila kimoja na nyota ya dhahabu. Kimoja kingekuwa kifungo tu. Sita vya kufanana, vyote vizima, ni bei ya nyumba. Mnunuzi wa vitu vya kale tuliyemwita Miwani alivibembeleza kila mwaka, na kila mwaka alirudi na miwani yake tu. Dada alisema vitakwenda kwa atakayemfaa, akavifungia kwenye kopo lenye kufuli.

Kifua kilimlaza Januari mwaka jana. Mkaza mwanawe alihamia kwake, akamwuguza miezi kumi na minne. Siku moja dada aliniamuru nivue koti langu jeusi, eti vifungo vinaning'inia. Wiki iliyofuata nilikuta vimevikwa kitambaa cheusi.

"Dada, mbona umevifunika uso? Vina aibu?"

"Wewe ndiye huna. Koti usilifue. Ukishanizika nalo mwilini, mpe mkaza mwanangu."

Nilidhani ni dawa zinasema. Mwanamke atafanya nini na koti la mjomba?

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi, saa nne asubuhi. Alasiri hiyo nilifungua kopo mbele ya ndugu. Vifungo sita vya buluu, nyota zao zipo. Nikauma kimoja. Kikapata joto upesi. Plastiki, vyote sita.

Nilimshuku Miwani, aliyekuja mara mbili na mfuko wa matunda, lakini hakuachwa peke yake hata dakika. Nilimshuku mpwa wangu, ila huyo hatofautishi kifungo na kizibo cha soda. Akabaki mwenye ufunguo wa kopo. Nikasema mbele ya wote, "Mkwe, ufunguo ulikuwa nao wewe."

"Nilikuwa nao, mjomba. Na beseni la matapishi nilikuwa nalo mimi. Hilo hujaliulizia."

Akaenda kufunga begi lake. Mimi nikamfuta katika orodha ya wafiwa.

Alhamisi asubuhi nilipeleka wasifu huu kwa mpiga chapa. Nikiwa nainama kumkabidhi, kifungo cha koti kilinasa kwenye kona ya meza, kitambaa kikachanika. Chini yake palikuwa na buluu. Nikakiinua menoni.

"Mzee, unakula koti?" akauliza mpiga chapa.

Kilikaa baridi, kikaendelea kukaa baridi. Nikapapasa vile vingine vitano, kisha nikamwomba anirudishie karatasi. Vya plastiki dada aliviweka mwenyewe, kwa ajili ya watu kama Miwani. Na kama mimi.

Mkwe, nilikukosea mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu haohao. Begi lako lifungue.

Marehemu ameacha mkaza mwana mmoja, ambaye ndiye ninayemtaja kwanza, mwana mmoja, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Nikishatupa udongo wangu nitalivua koti hili na kumkabidhi mkwe mwenyewe. Mwanangu, viume vyote sita kabla hujanishukuru. Hata mimi usiniamini. Apumzike kwa amani dada yetu, aliyemshuku kila mtu isipokuwa wewe.