Waliniambia Nina Gesi Tumboni

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Itikieni tena: asifiwe!

Mimi ni Mama Neema, mwanika dagaa wa Kibirizi. Leo nimekuja kusema alichonitendea Mungu, na nitasema pia walichonitendea wanadamu. Mchungaji alinishauri nilainishe maneno. Nilimjibu kwa heshima kwamba siwezi.

Asubuhi ile nilikuwa mwaloni, pale ufukweni wanaposhusha samaki, nageuza dagaa, mzima kabisa. Ghafla maumivu yakanichoma chini ya tumbo, upande mmoja, kama kisu. Nikaanguka mchangani. Jirani yangu, Mama Hadija, ambaye tunaanika naye siku zote, akaniingiza kwenye bajaji tukakimbilia hospitali, chumba cha dharura.

Ndugu zangu, nilidhani nikishafika pale nimepona!

Nesi wa zamu aliniangalia kutoka kwenye kiti chake. Hakuinuka. Hakunigusa. Akasema, "Hizo ni gesi. Kaa kwenye benchi."

Nilishindwa kukaa, nikalala sakafuni. Bega lilikuwa linauma, macho yanaingia giza. Nikalia kwa Kiha, lugha ya mama yangu, "Mana yanje! Mana yanje!" Yaani, Mungu wangu! Nani anakufa kwa lugha ya kujifunza? Yule nesi akacheka. "Hapa tunaongea Kiswahili, mama. Nyie wa mwaloni mmezoea makelele."

Akapita tabibu mmoja, Mama Hadija akamsihi, "Mwanangu, mtazame tu." Akajibu huku anatembea, "Apewe dawa ya tumbo, aende nyumbani." Alijuaje tumbo langu bila kulishika? Hata mnunuzi wa dagaa hushika kwanza!

Nikapewa vidonge. Nikavitapika. Nikaambiwa nimechafua sakafu.

Hapo nilimwambia Mungu moyoni, maana mdomo ulikuwa umegoma: Bwana, hawa hawanioni, nione wewe. Nikamkabidhi mwanangu Neema mikononi mwake.

Na Mungu akajibu, ndugu zangu! Alijibu kwa kinywa cha Mama Hadija, Mwislamu wa swala tano! Alisimama katikati ya ule ukumbi, akavua kanga ya mabegani, akanifunika, kisha akapaza sauti hadi wagonjwa wa nje wakaja madirishani. "Mtu anakufa hapa! Siondoki, na hamnitoi! Nani ni daktari humu ndani?"

Walimwambia anyamaze. Akaongeza sauti.

Daktari wa wodi ya wazazi akatoka kuangalia kuna nini. Akapiga magoti pale pale sakafuni, akanifunua jicho, akanibonyeza tumbo, nikapiga yowe. Akauliza, "Huyu damu inavujia ndani! Nani amempima?"

Wote wakatazama chini.

Nilikuwa na mimba, wala sikujua. Ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Nikafanyiwa upasuaji, nikaongezewa damu. Mtoto hakuwepo tena, na huyo ninamlilia hadi leo. Daktari aliniambia, "Mama, ungerudi nyumbani, usingefika jioni."

Nilipopata nguvu nilirudi, mimi na Mama Hadija, hadi ofisini kwa mganga mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba radhi. Akamwita yule nesi. Nesi akanitazama usoni, akasema, "Wagonjwa ni wengi, mama. Mimi sikukumbuki."

Hunikumbuki! Ndugu zangu, neno lile liliniuma kuliko kile kicheko. Nikamwambia, "Basi leo nitazame vizuri. Naitwa Mama Neema. Nimekusamehe, lakini kesho akija mwingine analia kwa Kiha, inuka kwenye kiti."

Aliinamisha kichwa.

Wako wanaosema Mkristo akitendewa ubaya anyamaze. Mama Hadija angenyamaza, mngekuwa mmeshanikalia matanga! Kusamehe nimesamehe. Kunyamaza, hapana.

Asante, Yesu, kwa uhai huu! Asante kwa daktari aliyepiga magoti, na kwa jirani yangu aliyekataa kuondoka. Na wewe uliyekuja leo na maumivu ambayo watu wameyacheka, mtumaini Mungu wangu. Mwite kwa lugha yoyote uliyonayo. Yeye hajapata kumwambia mtu yeyote, "Sikukumbuki."